Mstaafu wa Ghorofa ya Nne

Kuna nchi moja ambayo sitaitaja jina, nawe msomaji usijisumbue kuitafuta, maana haifanani na yenu hata chembe. Huko lifti zilikufa siku ileile ya uzinduzi, maji hutoka Alhamisi, na wakubwa wanawapenda wananchi kiasi cha kutowaacha wapumue. Kwenu hayapo hayo. Basi soma kwa raha zako, ucheke bila kugeuka kutazama nyuma. Unayemcheka ni jirani.

Katika nchi hiyo aliishi fundi cherehani mmoja, Masumbuko Tungaraza, mwajiriwa wa Kiwanda cha Bendera cha Taifa. Kazi yake ilikuwa kushona pindo la mwisho, lile linalochanika kwanza bendera inapopigwa na upepo. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi. Akikanyagwa mguu kwenye foleni, yeye ndiye aliyesema samahani. Hata akirudi nyumbani kwake mwenyewe alisimama mlangoni akapiga hodi kwanza, asije akamshtua mtu.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili, ghorofa ya nne, katika Maghorofa ya Fadhila. Humo alikaa na mkewe Sikujua, binti yao Kabula, na mama mkwe wake, Bibi Nyamizi. Maghorofa hayo yalisimama palepale palipokuwa na Mtaa wa Mikaratusi, mtaa wa nyumba za chini ambako kila mtu alikuwa na ua wake na mlango wake. Siku ya kubomoa, katapila liliingia uani kwa Bibi Nyamizi asubuhi, kunde zikiwa zinachemka. Bibi alitoka na upawa mkononi, akamwuliza dereva swali moja: "Baba, kwenu hakuna hodi?" Dereva, mtu aliyevaa kofia iliyomfunika mpaka kwenye nyusi, hakuwa na jibu. Alikuwa na amri. Kufikia adhuhuri nyumba ilikuwa kifusi, na kunde zilikuwa humo ndani.

Baadaye Serikali iliwapa watu wa Mikaratusi vyumba vya ghorofani, ikawataka washukuru, nao wakashukuru wakiwa wamepangwa mistari miwili, mbele ya kamera. Bibi Nyamizi hakulia wala hakulalamika. Tangu siku hiyo hakuitaja nyumba yake hata mara moja, na Masumbuko, ambaye alimheshimu mama mkwe kama inavyompasa mkwe, hakuthubutu kumwuliza.

Bibi aliokoa vitu viwili tu kutoka kwenye kifusi. Cha kwanza kilikuwa kinu, ambacho kilipigwa marufuku ghorofani kwa sababu ya kelele, naye akakigeuza kiti. Cha pili kilikuwa mbwa, aliyepigwa marufuku vilevile. Huyo aliwekwa chini ya ngazi, na wakazi wote wa jengo wakakubaliana kutomwona. Alikuwa mbwa koko wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama, jingine limelala. Aliitwa Mstaafu. Jina hilo alipewa angali mtoto, kwa kuwa alilala kutwa, alidai chakula kwa wakati, na aliwatazama wenye pilikapilika kwa macho ya huruma.

*

Mambo yalianza pale Mheshimiwa Mlezi Mkuu wa Taifa aliposafiri kwenda nchi za baridi kuomba daraja. Daraja hakupewa, lakini alipewa chakula cha jioni nyumbani kwa mwenyeji wake, huko juu ghorofani, na akaona jambo. Bomba lilitoa maji. Lifti ilipanda na kushuka bila kusukumwa na mtu. Watoto walikuwa na mashavu. Na katikati ya hayo yote, juu ya mto wa hariri, alilala mbwa.

Njia nzima ndani ya ndege Mlezi Mkuu aliwaza siri ya wale watu ni nini. Haikuwa maji, maana maji hata sisi tunayo, Alhamisi. Haikuwa lifti, maana lifti hata sisi tunazo, ila zimepumzika. Kilichobaki kilikuwa kimoja. Alipotua aliwahutubia wananchi pale pale uwanjani, kabla hata ya kumaliza kushuka ngazi za ndege.

"Ndugu wananchi," alisema, "miaka yote hii tumekuwa tukitafuta mchawi. Kumbe mchawi hakuwapo. Aliyekosekana ni mbwa."

Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Wale waliokuwa wamefungwa kwa kosa la kufuga mbwa ghorofani waliachiwa, wakaambiwa walikuwa wametangulia wakati. Bunge likapitisha sheria kwa kauli moja, nayo ilisema kila nyumba ya ghorofani iwe na mbwa wa familia anayefaa kwa maisha ya ghorofa, kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Familia isiyo na mbwa, au yenye mbwa asiyefaa, ingempisha mwingine anayestahili. Waliostahili walikwisha kujulikana. Binamu wa Mkurugenzi wa Maghorofa alikuja mapema kupima madirisha ya Masumbuko kwa ajili ya mapazia, akausifu upepo wa pale, na Masumbuko akamshikia ncha ya pili ya futi.

Jioni hiyo Waziri wa Makazi na Tabia Njema, Profesa Dakta Mhandisi Lugongo, alisoma sifa za mbwa huyo redioni. Awe mdogo wa umbo na mkubwa wa subira. Asibweke. Asihitaji kukimbia wala asitamani kukimbia. Aweze kuachwa peke yake kutwa nzima katika chumba kidogo chenye joto, na bado atikise mkia bwana wake akirudi. Ale anachopewa. Asitazame juu sana. Na, hapa Waziri alikohoa ili kutia mkazo, asinuse kamwe viatu vya mtumishi wa umma.

Masumbuko alikuwa akisikiliza na kikombe cha chai mkononi. Kadiri sifa zilivyosomwa ndivyo alivyozidi kukaa wima, kwa kuwa aliyekuwa akielezwa ni yeye, kasoro mkia.

*

Jumamosi familia zote za ghorofani ziliitwa Uwanja wa Maonyesho kuchagua mbwa. Serikali ilikuwa imeagiza meli nzima kutoka nchi za baridi. Kulikuwa na mbwa mwenye manyoya mengi hata haikujulikana mbele ni wapi, naye alisimamishwa juu ya bonge la barafu, akiwa na mtumishi wa kumpepea. Kulikuwa na mbwa mwenye pua iliyobonyea, aliyekoroma akiwa amesimama. Kulikuwa pia na kondoo.

Kondoo huyo alimwangukia Mama Leokadia, mjane wa ghorofa ya tatu. Mama Leokadia alijaribu kusema kwa adabu kwamba yeye amekulia kwenye mifugo na huyu anamfahamu. Ofisa wa Bandari alimwonea huruma, akamweleza pole pole kama mtu anayemfundisha mtoto: hati ya meli inasema shehena ni mbwa, kwa hiyo ndani ya meli ile hakuna kitu ambacho si mbwa. Mama Leokadia akafungwa kamba mkononi, akapigwa picha. Kwenye cheti iliandikwa kwamba mbwa wake anabweka kwa sauti ya kiasi na amejaliwa manyoya.

Masumbuko alipelekwa mbele ya kijibwa kilichoenea kwenye bakuli la uji. Kilikuwa kinatetemeka, macho yamekitoka, na kila ofisa alipopita kilijaribu kutabasamu. Masumbuko alikitazama, akashikwa na uchungu, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyomtazama meneja wake kila Jumatatu. Tayari alikuwa amenyoosha mkono kukipokea pale Sikujua alipomvuta shati.

"Baba Kabula," alimwambia kwa sauti ya chini, "sisi mbwa tunaye. Hata mama yangu akikubali kumwacha, mimi sikubali."

Basi wakamwandikisha Mstaafu. Karani aliuliza ni mbwa wa aina gani, na Sikujua akajibu kwamba ni wa aina ya kukaa. Ikaonekana inafaa. Wakaambiwa Afisa Mbwa wa Kata atafika nyumbani kumpima, na wakati wowote, kwani ukaguzi wa taarifa si ukaguzi.

Siku hiyo Mstaafu alipandishwa ngazi kwa heshima zote, mchana kweupe, watu wakimwona. Alichagua mkeka wa karibu na mlango, akazunguka mara kadhaa, akalala. Jirani alikuja kuomba chumvi, akapiga hodi. Mstaafu akafumbua jicho moja, akalifumba. Muuza maji alikuja, akapiga hodi. Mstaafu hakufumbua hata hilo moja. Masumbuko alimtazama kwa fahari. Aliona kama amezaliwa ghorofani.

Afisa Mbwa wa Kata, Bwana Kalikawe, alifika siku ya tatu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani nyeusi, ambaye zamani alikuwa dereva wa Serikali na alipandishwa cheo kwa sababu ya wepesi wa kutii. Kwa mujibu wa sheria hakupiga hodi. Nchini humo kifungu cha kwanza kabisa cha sheria ya makazi kilisema hivi: Serikali haipigi hodi kwake. Bwana Kalikawe alisukuma mlango, akaingia.

Mstaafu aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alibweka mpaka vikombe vikagongana kabatini. Alibweka akiwa amesimama kati ya Serikali na Bibi Nyamizi, manyoya ya mgongo yamemsimama, na sikio lililolala miaka yote likasimama nalo. Bwana Kalikawe alirudi nyuma hadi ukumbini, akaandika neno moja: "Anabweka." Halafu akaeleza, huku akikwepa kumtazama bibi, kwamba kuna ukaguzi mmoja wa rufaa. Mbwa akibweka tena atachukuliwa akarekebishwe, na vyumba vitapewa wanaostahili. Nchini humo waliochukuliwa kurekebishwa walirudi wakiwa kimya sana, au hawakurudi, jambo ambalo nalo ni kimya.

*

Masumbuko aliomba ruhusa kazini, akaanza kumfundisha Mstaafu. Kwanza alimweleza hali halisi, kwa upole, akimtajia mapazia. Mstaafu alisikiliza. Kisha akampa kichwa cha samaki kama malipo ya awali ya kunyamaza. Mstaafu akakila, bila kujifunga kwa ahadi yoyote. Mwisho Masumbuko alivaa koti lake la harusi, akashika faili kwapani, akatoka nje, akaingia ghafla kama Serikali. Alibwekewa na mbwa wake mwenyewe kana kwamba hawajawahi kuonana. Akatoka, akaingia tena. Akabwekewa tena. Kabula alicheka hadi akakaa chini.

Alijaribu mpaka sauti na miguu vikamwishia. Safari ya mwisho alisimama nje ya mlango, koti limelowa jasho, moyo umevunjika, na kwa uchovu akasahau kuwa yeye ni Serikali. "Hodi," akasema, kama alivyosema kila siku ya maisha yake. Ndani kukawa kimya. Alipoingia, Mstaafu alikuwa amelala chali.

Masumbuko alitoka tena akaingia bila hodi: kelele. Akatoka, akapiga hodi: kimya. Alirudia mpaka akaamini. Kisha akaenda kuchuchumaa mbele ya Bibi Nyamizi, aliyekuwa amekaa juu ya kinu chake akichagua mchele kwenye ungo, akamwuliza kama ni yeye aliyemfundisha.

"Sikumfundisha mimi, Baba Kabula," alisema bibi, bila kuinua macho. "Alikuwapo siku ile."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa, akaendelea. Masumbuko alibaki amechuchumaa. Aliona haya, maana siku ile hata yeye alikuwapo, na alichofanya ilikuwa kumsogezea dereva ndoo zilizokuwa njiani.

*

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Bwana Kalikawe na ombi dogo, ambalo aliliomba akiwa amevua kofia. Mbwa hana ubaya. Anataka hodi tu. Je, Serikali haiwezi kupiga hodi moja, hata ya kunong'ona, hata ya nusu?

Bwana Kalikawe alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema jambo hilo limemzidi kimo, akalipeleka kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alifunga madirisha kwanza. Alisema Serikali ikipiga hodi mahali, maana yake mahali hapo si kwake, na pakipatikana mahali pamoja pasipo pake patapatikana na pengine. Akalipeleka kwa Waziri. Profesa Dakta Mhandisi Lugongo aliitisha semina ya wiki nzima kando ya ziwa, yenye kichwa cha habari "Hodi: Changamoto na Fursa." Mtaalamu mmoja alipendekeza Serikali ipige hodi baada ya kuingia. Mwingine alipendekeza kazi hiyo apewe mzabuni. Walikula vizuri, wakaazimia kukutana tena.

Maneno hayana miguu lakini hufika. Yalifika kwa Mlezi Mkuu akiwa mezani: kuna mbwa koko ghorofa ya nne anaibwekea Serikali. Wasaidizi waliinama. Mlezi Mkuu alicheka kwa muda mrefu, na kila alipopumzika wao walimpokea kucheka. Alisema mbwa humjua mwenye nyumba. Angekwenda yeye mwenyewe, mbele ya televisheni, moja kwa moja, taifa zima lishuhudie mbwa yule akifyata mkia.

Habari hizo zilipotangazwa, wema wa watu ulimwelemea Masumbuko. Meneja wa kiwanda alimwita, akamshauri kama mzazi. Binamu wa Mkurugenzi alikuja kupima tena madirisha, safari hii pamoja na mkewe. Na Mama Leokadia, aliyekuwa na roho nzuri kweli kweli, akamwambia achukue kondoo wake kwa siku ile moja. Cheti anacho, kelele hana, na wakubwa wamekwisha kuapa kwamba ni mbwa.

Masumbuko alifikiri sana. Akashuka, akaishika kamba, akampandisha kondoo mpaka mlangoni kwake. Alipiga hodi, akakaribishwa, akaingia naye. Bibi Nyamizi aliacha kuchagua mchele.

"Huyo nani, Baba Kabula?"

"Mbwa, Mama," alisema Masumbuko.

Kondoo alilia kwa sauti ya kiasi. Mstaafu alimtazama kondoo, akamtazama Masumbuko, akageukia ukutani. Katika maisha yake Masumbuko alikuwa ameona aibu nyingi, lakini hii ilimshuka mpaka magotini. Akamrudisha kondoo wa watu, akiomba radhi kila ngazi, na hakujua anamwomba nani.

*

Siku ya ziara zulia jekundu lilitandikwa kutoka barabarani hadi ghorofa ya nne. Mlango wa lifti ulipakwa rangi, na taa ndogo ikawekwa hapo ikiwakawaka, ili ionekane lifti iko njiani. Mlezi Mkuu aliingojea kwa heshima, kisha akaambiwa kwamba leo imempisha apande kwa miguu awasalimie wananchi. Wananchi walijipanga kwenye ngazi na mbwa wao wa manyoya, waliokuwa wakihema kwa joto. Kwaya ilimtangulia, kamera zikamfuata. Alifika juu ametota, kifua kinapanda na kushuka, lakini tabasamu lilikuwa mahali pake.

Waziri Lugongo aliusukuma mlango kwa vidole viwili, kwa mbwembwe. Mstaafu akaruka.

Alibweka kwenye televisheni, taifa zima likisikia. Waziri aliinua sauti akasema hiyo ni salamu ya asili ya mbwa wa kienyeji. Mstaafu akaizima hotuba. Mlinzi mmoja alipeleka mkono kiunoni, lakini taa za kamera zilikuwa zinawaka, na Mlezi Mkuu akampa ishara aache. Akapiga hatua moja mbele. Mbwa akasogea mpaka kwenye kizingiti. Mlezi Mkuu akarudisha mguu.

Hapo ndipo alipomwona Bibi Nyamizi. Alikuwa amekaa juu ya kinu, ungo mapajani, anachagua mchele, kama vile kilichoko mlangoni ni upepo tu. Sasa, Mlezi Mkuu naye alizaliwa na mtu. Alilelewa na mwanamke wa namna hiyohiyo, ambaye mtoto akiingia ovyo alimtoa nje akaanze upya. Labda lilikuwa joto, labda zilikuwa ngazi. Mdomo ulimtangulia.

"Hodi," alisema Mlezi Mkuu wa Taifa.

Mstaafu alinyamaza katikati ya mbweko. Akazunguka, akalala. Makofi yalilipuka kuanzia juu hadi barabarani, kwaya ikadaka, Waziri akafuta machozi. Mlezi Mkuu aliinua mguu aingie, na mguu ukabaki hewani. Aliyepiga hodi hungoja karibu. Alilijua hilo yeye, alilijua mlinzi, alilijua kila mtoto aliyekuwa mbele ya televisheni. Makofi yalipungua, yakafa, na watu wote wakatega sikio.

Masumbuko alikuwa amesimama kando ya cherehani. Karibu ilikuwa tayari juu ya ulimi wake. Alikuwa amesema karibu maisha yake yote, kwa kila aliyekuja na kila alichokuja nacho. Alimkaribisha hata mpima mapazia. Alimtazama mama mkwe. Bibi alikuwa amesimamisha vidole juu ya mchele. Kwa mara ya kwanza Masumbuko alielewa kwamba mwanamke huyu hakuwa ametulia miaka yote ile. Alikuwa anangoja. Sitamsifu kwa uongo. Aliogopa kuliko siku yoyote. Akafumba mdomo.

"Hodi," alisema tena Mlezi Mkuu.

Nyuma yake Waziri alikuwa anafanya ishara kwa mikono yote miwili: semeni, semeni. Sikujua alimvuta Kabula kifuani, akamwekea kiganja mdomoni taratibu, maana watoto ni wepesi wa karibu. Kwenye ngazi mtu alikohoa, akajuta.

"Hodi, wenyewe," alisema Mlezi Mkuu mara ya tatu, na sauti ilikuwa ya mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani.

Na ya tatu ikipita bila jibu, kila mtu anajua la kufanya. Mlezi Mkuu alisimama kidogo. Alimwona fundi pale, alimwona mama na mtoto, alimwona bibi na ungo wake, wote wanaonekana wazi kama alivyoonekana yeye.

"Labda hawapo," akasema. Akageuka, akaanza kushuka.

*

Magazeti ya kesho yake yalieleza kwamba ziara ilifana. Mlezi Mkuu alikagua makazi akiwa nje, ili asiipunguze hewa ya ndani. Kuhusu mbwa kulitokea ugumu, kwa sababu hakuna ofisa aliyekuwa tayari kuandika kwa mkono wake kwamba Mheshimiwa alibwekewa. Ikabidi iandikwe kwamba mbwa alinyamaza mbele yake, jambo ambalo taifa zima liliona, na kwa hiyo anafaa ghorofa kuliko mbwa wote nchini. Binamu wa Mkurugenzi alisema, kwa kweli, upepo wa pale ni mwingi mno.

Masumbuko alikwenda kazini akingoja kuchukuliwa. Hakuna aliyekuja. Meneja ndiye aliyemwamkia kwanza, akatazama pembeni. Masumbuko alishona pindo lake siku nzima, na alilishona kwa uzi wa mara mbili.

Alhamisi jioni, maji yakitoka, watu wote wakiwa nyumbani na kunde zikiwa jikoni, ilisikika miguu ukumbini. Ilifika mlangoni, ikasita. Ikasogea, ikasita tena. Mtu alisafisha koo.

"Hodi."

Mstaafu alifumbua jicho moja. Masumbuko alinyanyuka kwenye cherehani, lakini Bibi Nyamizi aliinua mkono.

"Nani?"

Nje miguu ilirudi hatua moja, kwa kuwa Serikali ilikuwa haijawahi kuulizwa swali hilo.

"Ni mimi, Mama. Kalikawe," ilisema sauti. "Nimeleta cheti cha mbwa." Kisha ikashuka. "Ni yule wa katapila, Mama. Uliniuliza. Hodi kwetu ipo."

Bibi Nyamizi aliweka ungo chini. Macho yalikuwa yamemjaa maji, naye hakuyafuta. Aliutazama mlango kwa muda, kama mtu anayeupima uzito wake.

"Karibu," akasema. "Lakini viatu acha hapo mlangoni."

Mlango ulifunguka pole pole. Bwana Kalikawe aliingia bila miwani, cheti mkononi, soksi moja imetoboka kidole gumba. Mstaafu alijinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akampita, akaenda kuvinusa viatu vya mtumishi wa umma kwa utulivu, kimoja baada ya kingine, na hakuna aliyemkataza.